Walinipeleka Mongo, wakataka kunipeleka Cockroach, nikatulia na Postgres

Anayesema SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata za majedwali, imepitwa na wakati hajawahi kuulizwa na mama muuza khanga wa Kariakoo doti zake ziko wapi.

Mfumo niliourithi pale Mtaa wa Kongo ulikuwa wa MongoDB, hifadhidata ya hati badala ya majedwali. Kijana aliyeujenga alisifia kwamba hakuna kuhangaika na majedwali, unamwaga hati tu. Kwa bidhaa alikuwa sahihi: khanga ina jina, shuka ina futi, kitenge kina yadi. Ila mauzo aliyaandika kwenye hati yake na stoo kwenye yake, bila muamala wa kuzifunga pamoja, yaani ziandikwe zote au isiandikwe hata moja, na Mongo inayo miamala hiyo tangu toleo la 4.0, mwaka 2018! Umeme ukikatika katikati, mauzo yapo, stoo haijapungua. Tawi la Mbagala wanauza mzigo ambao Kariakoo umeshabebwa. Mama ananipigia: "Mwanangu, hiyo kompyuta yako inanihesabia au inaniibia?"

Akaja mshauri mwenye suti: hamieni NewSQL, kizazi kipya cha hifadhidata za SQL, hasa CockroachDB. Teknolojia nzuri, imefuata nyayo za Spanner, hifadhidata ambayo Google waliieleza mwaka 2012. Unaandika SQL ileile, data imetawanywa kwenye seva nyingi, miamala iko salama. Lakini kila kinachoandikwa kinasubiri zaidi ya nusu ya nakala zikubaliane, na ili seva moja ife bila kusimamisha kazi unahitaji angalau tatu. Kwa duka na tawi lake! Gharama ya mwezi ingemeza mshahara wa muuzaji.

Nikachukua PostgreSQL, yaani Postgres, hifadhidata ya SQL ya majedwali. Sifa za bidhaa zinazobadilikabadilika nimezitia kwenye safuwima moja ya jsonb, aina inayohifadhi hati ndani ya jedwali, iliyopo tangu 2014, nikaiwekea faharasa ya GIN ya kutafuta haraka ndani yake. Uhuru wa Mongo ninao humohumo. Bei na idadi nimeziacha safuwima za kawaida, zenye sharti la CHECK kwamba idadi isishuke chini ya sifuri. Mauzo na stoo ni muamala mmoja.

Siku ya kukabidhi nilimwita mama, nikaanza mauzo, na kabla hayajakamilika nikachomoa waya wa seva. Wauzaji wakashika vichwa. Ilipowaka, mauzo yale hayapo kabisa na doti zote zimo stoo. Nikachomoa tena, safari hii kwa raha zangu.

Tukifungua matawi Mwanza na Mbeya, Cockroach nitaifikiria. Mshauri ametuma ankara. Mama kamjibu aje alipwe kwa khanga.