Kiungo cha shangazi

Jana usiku, hapa nyumbani Ngamiani, nilikesha hadi saa saba nikiipandisha sevani, yaani kwenye kompyuta inayotoa kurasa za wavuti, programu niliyomtengenezea shangazi yangu, anayenunua machungwa Muheza na kuyauza kwa jumla mjini Tanga. Ni programu ya wavuti ya ukurasa mmoja: kivinjari hupokea faili moja ya HTML, yaani ukurasa wenyewe, pamoja na JavaScript yake, yaani msimbo unaouendesha, na baada ya hapo kila anachobofya mtu, iwe bei au oda, huchorwa ndani ya simu yake bila kuomba ukurasa mwingine.

Kupandisha kwenyewe hakukuwa na tabu. Nilipeleka folda kwa SSH, njia salama ya kuifikia seva kutoka mbali, nikaielekeza huko Nginx, programu ya seva inayotoa kurasa, nikafungua anwani na bei zikatokea. Nikamtumia shangazi kiungo cha ukurasa wa oda.

"Mwanangu, mbona kinaniandikia 404?" aliuliza kwa simu. Hiyo ni namba ya kusema kilichoombwa hakikupatikana, na kwangu kiungo kilikuwa kinafunguka vizuri. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba mimi nilikuwa nikianzia ukurasa wa mwanzo kisha nikibofya, ilhali yeye aliingia moja kwa moja kwenye /oda, na seva ikatafuta diskini kitu chenye jina hilo isikione. Njia ile haipo diskini kamwe. Ipo ndani ya JavaScript, ambayo simu ya shangazi ilikuwa haijaipata. Niliandika mstari mmoja, try_files $uri /index.html, unaoiagiza Nginx itafute faili iliyoombwa na ikiikosa itoe ukurasa wa mwanzo, ili programu yenyewe isome anwani.

Mstari huohuo ukanizalia tatizo la pili, ambalo naliona zito zaidi. Nilisahihisha bei, nikafuta faili zote za zamani na kupandisha mpya. Shangazi alikuwa bado ameiacha programu wazi. Alipobofya oda, sehemu ambayo hupakuliwa pale tu inapohitajika, simu yake iliomba JavaScript kwa jina la toleo la awali. Faili haikuwepo, na seva, kwa kutii agizo langu, ikampa HTML na kusema yote ni salama. Kivinjari, kilichotarajia JavaScript, kikaikataa, na kioo kikabaki cheupe, bila neno hata moja la kumweleza kilichotokea. Naona afadhali 404, kwa sababu walau inakiri kwamba kitu kimekosekana.

Sasa folda ya assets, zinamokaa faili za JavaScript, ina kanuni yake: faili ikikosekana, jibu ni 404, na programu ikilipata huupakia ukurasa upya. Faili za toleo lililopita ninaziacha kwa siku kadhaa kabla ya kuzifuta. Kwa kuwa majina ya faili za folda hiyo hubadilika kila maudhui yanapobadilika, nimeruhusu simu izihifadhi kwa mwaka mzima, yaani sekunde 31536000, lakini index.html nimeipa no-cache, ili kila mara kivinjari kiulize kwanza kama kuna toleo jipya.

Leo asubuhi shangazi alifungua kiungo kilekile cha jana, na oda ya kwanza ikaingia: magunia manne.