Siku moja maishani mwangu: mkataji wa tishu, Dodoma

Saa 12 na robo asubuhi nipo kituoni Nkuhungu, vumbi limeshanijaa machoni. Saa 1 nafungua maabara ya histolojia. Watu wakisikia maabara wanawaza damu na malaria. Sisi tunakata vinyama vilivyotolewa mwilini.

Vya kawaida navimaliza mapema. Saa 3 nashika konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ya kijana aliyewekewa nyingine. Unene wake ni kama nusu milimita. Upande wa nyuma una safu moja tu ya seli, zinazosukuma maji nje ili konea ibaki angavu. Daktari anashuku ugonjwa adimu ambao seli hizo hugeuka: zinapandana safu juu ya safu na kutengeneza keratini, protini ngumu, kama seli za ngozi. Jeni ya ZEB1, inayozizuia zisigeuke hivyo, ni mojawapo ya zinazoharibika. Hiyo tishu ngeni haikuvamia kutoka nje. Ni wenyeji walewale.

Kwenye bloku ya nta ya parafini lazima isimame kwa ubavu. Ikilala, safu ya nyuma huioni. Nakata maikromita 4. Inajikunja. Napoza bloku kwenye barafu, nabadilisha wembe, nakata tena, inachanika. Mgongo unauma, na kipande ni hicho hicho, hakuna kingine. Mkato wa sita ukaelea kwenye maji ya uvuguvugu bila hata kunyanzi moja. Nikauopoa kwa slaidi nimebana pumzi.

Wakati slaidi ziko kwenye oveni, dirisha likagongwa. Ni baba wa yule kijana, akanisalimu kwa Kigogo.

“Mbukwenyi. Mwanangu, malaria majibu ni nusu saa. Jicho la mwanangu wiki nzima?”

Nilikuwa nimechoka, nikamjibu kwa ukali, kisha nikajuta. “Samahani baba. Hii inakatwa kwa mkono.”

Akatulia. “Hata mimi asubuhi naona ukungu, jua likipanda unapungua. Mama yangu vilevile.”

Nikaandika maneno yake kwenye karatasi. Ugonjwa huu hurithiwa.

Mchana wote rangi, ile inayoonyesha keratini kwa kahawia, kuosha, kungoja. Jioni slaidi ikatoka. Mbele kahawia, kawaida, maana hapo keratini huwepo. Katikati buluu. Nyuma kabisa, mstari mwingine wa kahawia, mnene, mahali usipopaswa kuwepo.

Daktari akainama kwenye hadubini, akakaa kimya. Akasoma karatasi yangu.

“Yule baba bado yupo?”

Nikatoka mbio. Alikuwa kwenye benchi, amesinzia, fimbo mapajani.