Usiku tulipomuaga Henry

Majira ya baridi ya 2009 nilikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee huko Minnesota. Kazi yenyewe wengi tulio huku tunaijua: kugeuza wagonjwa ubavu, kubadilisha shuka, kupima presha, kujaza faili. Chumba cha mwisho alikaa babu mmoja wa Kimarekani, zamani dereva wa gari la wagonjwa katika vita vya Korea. Usingizi hana. Alikuwa na DVD za M*A*S*H, na nikimaliza mzunguko wa saa nane alinisihi nikae naye kidogo.

Ni vichekesho vya madaktari wa jeshi kwenye hospitali ya mahema, hukohuko Korea. Vita vilichukua miaka 3, vichekesho vikachukua 11, tangu 1972 hadi 1983. Mimi kipenzi changu alikuwa Klinger, askari anayevaa magauni ili aonekane kichaa, arudishwe kwao.

Usiku huo babu akaweka kipindi cha 1975, kile ambacho mkuu wao, Henry Blake, anaruhusiwa kurudi nyumbani. Nilicheka sana mwanzoni. Helikopta inamsubiri, watu wote wametoka kumuaga, na Radar, karani wake, kijana mdogo aliyemlea kama mwanawe, amesimama anampigia saluti. Henry anamrudia mbio, anamkumbatia.

Kisha kipindi kikaingia chumba cha upasuaji. Babu akaninyooshea kidole. "Sikiliza. Humu hawaweki vile vicheko."

Kweli. Vicheko vya kubandika, vile vya watu vilivyorekodiwa na kuwekwa juu ya kipindi, vilikuwa kila mahali, lakini penye wagonjwa mezani watengenezaji walikataa visiingie. Kimya. Radar akaingia na karatasi mkononi, bila barakoa, na daktari mmoja akamkaripia aivae. Hakuivaa. Akasoma: ndege ya Henry imetunguliwa juu ya Bahari ya Japani, hakuna aliyepona.

Hakuna aliyepiga ukunga. Kifaa kimoja kikadondoka sakafuni, kikalia, nacho nilikuja kujua baadaye kuwa kilidondoka kwa bahati mbaya na wakakiacha hivyohivyo. Macho yanatiririka juu ya barakoa, mikono inaendelea kushona.

Mikono ile ndiyo iliyonimaliza. Miezi mitano kabla, kwenye ukumbi uleule, kaka yangu alinipigia kutoka Tanga: "Mzee ametutoka." Nilikuwa nimevaa glavu, kuna bibi nimemgeuza nusu. Nikaibana simu kwa bega, nikamlaza vizuri, nikamwekea mto mgongoni, nikaenda chumba kilichofuata. Nauli sikuwa nayo. Matanga yakaanikwa na kuanuliwa nikiwa huku, na pale kazini sikumwambia mtu.

Nikamwambia babu. Sijui hata nilianzaje.

Akazima sauti ya televisheni. Hakunipa pole wala hakunigusa, alikaa tu ananitazama, kisha akauliza, "Aliitwa nani?"

Nikamtajia. Akalirudia, akakosea. Nikamsahihisha. Akalirudia tena, taratibu, herufi kwa herufi, mpaka likamkaa mdomoni kama linavyotamkwa kwetu. Taa ya chumba namba 6 ikawaka, nikainuka kwenda. Nikiwa mlangoni nikamsikia bado analitaja jina la baba yangu.