WiFi ndani ya karakana ya mabati: kumbukumbu ya mradi wangu, Pasua, Moshi

Aprili

Karakana yetu ya kuchomelea mageti ni bati mwanzo mwisho. Mita 12 kwa 18, fremu ya skwea paipu, kuta za bati geji 28, paa la migongo mipana, na geti la kusukuma nalo la bati. Nyumba iko mbele, ng'ambo ya uwanja, na ndiyo yenye intaneti ya faiba. Kutoka rauta ya sebuleni hadi geti la karakana hazifiki mita 40, na katikati hakuna hata mti. Ukisimama getini simu inashika vizuri tu. Ingia ndani kidogo, kwisha habari.

Kazi siku hizi inakuja kwa simu. Mteja yuko Dar, anatuma picha ya geti aliloliona Instagram, anataka makadirio sasa hivi, na kesho anataka apigiwe kwa video aone kama maua ya fleti ba (chuma bapa) yamekaa sawa. Vijana wanatoka juani kupakua mchoro, wanarudi, wanasahau kipimo, wanatoka tena. Bando la simu halisaidii sana, kwa sababu mawimbi ya mnara nayo yanagongana na bati lilelile.

Kabla ya kununua chochote nimepima. Kuna programu za bure za simu zinazoonyesha nguvu ya WiFi kwa dBm. Namba zake ni hasi, na inavyosogea karibu na sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Ikishuka kwa 3, nguvu imebaki nusu. Ikishuka kwa 10, imebaki moja ya kumi. Getini nimepata -58. Kona ya kompresa, geti likiwa wazi, -84. Tofauti ni 26, maana yake inayofika kule ni kama sehemu moja kati ya 400 ya ile ya getini. Geti likifungwa, jina la WiFi yetu linatoka kabisa kwenye orodha.

Bati haliyamezi mawimbi, linayarudisha yalikotoka, na kuwa jembamba hakubadilishi kitu. Kinachopita kinapita kwenye uwazi, nao lazima uwe mkubwa ukilinganisha na urefu wa wimbi: WiFi ya 2.4 GHz wimbi lake ni kama sentimita 12.5, ya 5 GHz kama sentimita 5 na nusu. Matundu ya misumari na maungio ya mabati hayafui dafu hapo. Michael Faraday alijenga chumba cha namna hii mwaka 1836 kwa ajili ya majaribio yake ya umeme. Sisi chetu tumekijenga kwa ajili ya mvua na wezi.

Mei

Ushauri haukosekani. Jamaa mmoja wa duka la simu anasema ninunue rauta yenye antena nyingi na "power" kubwa niiweke sebuleni. Tatizo ni kwamba WiFi ni mazungumzo ya pande mbili. Hata rauta ikipiga kelele hadi simu iliyo nyuma ya kompresa isikie, simu nayo inatakiwa ijibu, na redio ya simu ni ndogo, inatumia betri. Utaona vijistari vimejaa na ukurasa haufunguki.

Mwingine anasema ripita. Ukiiweka ndani, inasikia mawimbi yaleyale mabovu na kuyarudia. Ukiiweka getini inasikia vizuri, lakini nyingi za bei ya kawaida zinapokea na kutuma kwa redio hiyohiyo, hivyo kasi inakatika karibu nusu kabla hujafungua chochote. Na getini ndipo malori yanaporudi kinyumenyume. Haitamaliza mwezi.

Kuna aliyependekeza nikate bati upande wa nyumba niweke karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga. Kitaalamu yuko sahihi, plastiki ile inapitisha mawimbi. Ila grainda zangu tatu ningezikuta zinauzwa sokoni Mbuyuni.

Nimeamua intaneti ivuke ukuta kwa waya, irushwe hewani ikiwa tayari ndani.

Juni, mvua zimekata

Waya gani? Wengi wangevuta Cat6 ya shaba kutoka nyumbani, na kwa umbali huu ingetosha, maana kikomo chake ni mita 100. Mimi sikutaka shaba kati ya majengo mawili, kwanza kwa sababu ya radi. Sababu ya pili ni ya kwetu wachomeleaji: ethi ya mashine, yaani kibano cha waya wa kurudisha umeme, mara nyingi inabanwa popote kwenye meza au fremu, na umeme wa kuchomelea unarudi kwa njia yoyote utakayoipata. Sitaki njia mojawapo iwe rauta ya sebuleni. Faiba ni kioo, haipitishi umeme.

Kwa hiyo nimelaza faiba ya nje, kila mwisho kuna kibadilishi cha kugeuza mwanga kuwa umeme wa kupita kwenye waya wa kawaida wa mtandao (LAN). Kwa faiba ya uzi mmoja hununui vibadilishi viwili vinavyofanana. Kimoja kinatuma kwa nanomita 1310 na kupokea kwa 1550, mwenzake kinyume chake. Muuzaji anaweza kukufungia pacha wawili wa upande mmoja, ukakesha ukitafuta kosa. Soma lebo dukani. Na usichungulie ncha ya faiba inayofanya kazi. Mwanga wake hauonekani kwa macho lakini upo.

Mtaro tumechimba pembeni ya uzio, faiba ndani ya paipu ya plastiki, mchanga juu. Mzee jirani akasimama na baiskeli yake.

"Mangi, unavuta maji?"

"Hapana mzee, intaneti."

"Intaneti inafukiwa?"

"Hii inafukiwa."

Akautazama mtaro kidogo. "Basi usiwaambie watoto, watachimba."

Ndani ya karakana, kutoka swichi (kifaa cha kugawa intaneti kwa nyaya) hadi kwenye kenchi, ndipo nimetumia Cat6. Hapo kuna mtego wa dukani. Waya mwingi unaouzwa Cat6 ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje, na kifaa cha kurusha WiFi juu ya kenchi nataka kipate umeme wake kupitia waya huohuo. Alumini inapinga umeme zaidi na inakatika ukiikunja mara chache. Nilimwomba muuzaji kipande, nikamenya uzi mmoja, nikaukwangua kwa wembe palepale kaunta. Wa kwanza uling'aa mweupe kama fedha. Muuzaji akakohoa, akainama chini ya meza, akatoa boksi jingine, zito kuliko la kwanza. Ule ukakwanguka wekundu mpaka ndani. Bei ni tofauti, lakini ndiyo bei ya shaba.

Julai

Kifaa cha kurusha WiFi kimefungwa katikati ya karakana. Hakijabandikwa kwenye bati la paa. Nimechomelea mkono wa fleti ba kwenye kenchi, kinaning'inia karibu mita moja chini ya paa, uso ukitazama sakafu. Kikigusana na bati, nusu ya kazi yake inaharibika, na pale juu saa nane mchana joto linaoka.

Vipimo vipya: mezani kwa kuchorea -47, kwenye mashine za kuchomelea -52, nyuma ya kompresa -63. Hadi -67 simu ya video haina shida. Bati sasa limegeuka rafiki, kwa sababu WiFi za majirani haziingii kutusumbua. Hata 5 GHz, ambayo kwa kawaida ni dhaifu kwenye kuta, humu inakimbia, maana karakana ni ukumbi mmoja.

Kituko ni mwangwi. Mawimbi yanagonga kuta zote na kurudi, pengine yanajazana, pengine yanafutana. Simu ikiwa mezani inasoma -52, isogeze upana wa vidole vinne, -66, irudishe, -52. Vifaa vya kisasa vyenye antena zaidi ya moja vinaumudu huo mwangwi. Kompyuta ya zamani ya ofisini, yenye antena moja, inayumba, kwa hiyo nimeipa waya wake.

Kilichotusumbua zaidi baada ya hapo ni umeme. Kijana akianza kuchomelea kwa elektrodi nene, taa zinafifia, na swichi ilikuwa inazima na kuwaka upya, intaneti inapotea kwa dakika kadhaa. Fundi umeme amehamisha soketi za ofisi kwenye fezi isiyo na mashine za kuchomelea, na swichi pamoja na kibadilishi vinakula kupitia UPS (betri ya akiba) ya kawaida ya kompyuta. Tangu hapo kimya.

Vumbi la grainda nalo si vumbi la barabarani. Ni chuma, linapitisha umeme, likiingia kwenye swichi linaunganisha visivyotakiwa kuungana. Kila kitu kiko ndani ya boksi la plastiki lenye mpira mlangoni, nyaya zinaingilia chini, boksi liko usawa wa kifua ukutani upande wa kivuli. Boksi la chuma ningelitengeneza mwenyewe bure, ila ningependa siku moja kuongeza kifaa kidogo cha WiFi humo.

Kilichobaki

Kamera mbili za nje, ambazo zitavutiwa waya kutoka swichi hiyohiyo. Na kontena la futi 20 kule nyuma tunapotunza rangi na gesi. Vijana wanataka nalo liwe na WiFi. Lile ni chuma kizito pande zote na mlango una mpira, kwa hiyo litahitaji waya wake na kifaa chake. Halipewi mpaka wateja wawili wamalizie kulipa mageti yao.