Siku moja na mistari miwili ya mwisho ya kamusi

Saa 1:30 asubuhi. Ukifungua kamusi nzuri ya Kiingereza, mwishoni mwa maelezo ya neno utakuta maandishi madogo yanayosema neno hilo lilitoka wapi. Wasomaji wengi huyaruka. Mimi ndiye ninayeyaandika. Leo nina vidahizo 12, yaani maneno yanayoelezwa, vya kamusi ya wanafunzi wa sekondari, na hakuna maelezo yanayoruhusiwa kuzidi maneno 40.

Saa 2. Natangulia na yenye njia inayoonekana. "Sugar" lilifika Uingereza kupitia Kifaransa, nyuma yake Kilatini, kisha Kiarabu sukkar, Kiajemi, hadi Kisanskriti sharkara, yaani changarawe. "Coffee" limepita kwa Waholanzi na Waturuki hadi Kiarabu qahwa, kwa hiyo ni ndugu wa kahawa yetu. "Monsoon" ni Kireno monção kutoka Kiarabu mawsim, lile lile lililotupa msimu. "Magazine" lilikuwa ghala, Kiarabu makhazin, mzizi mmoja na hazina. Likawa jina la jarida London mwaka 1731, kwa maana ya ghala la maandishi. Manne yamekwisha.

Saa 4. "Nice". Hili linataka utulivu kwa sababu maana yake imehama mara nyingi. Kilatini nescius ni asiyejua. Katika Kiingereza cha karne ya 14 "nice" alikuwa mjinga. Baadaye mwenye kuchaguachagua, kisha kitu chenye umakini, na karne ya 18 ndipo likawa -zuri. Kila hatua naitafutia sentensi ya zamani yenye tarehe. Hatua moja ikikosa tarehe, mnyororo mzima unakuwa dhana tu. Na sharti niandike kwamba maana ya kale siyo maana "halisi": anayesema "nice" leo hamtukani mtu.

Saa 5:20 simu inaita. Ni mhariri wa upande wa mteja, mtu mzima, namwamkia shikamoo. Ameusoma mstari wa "salary" na haukumridhisha. "Dada, mtoto atakumbuka nini hapo? Andika askari wa Roma walilipwa chumvi. Tumeshaagiza na mchoro wa gunia."

Namweleza polepole. Kilatini salarium, posho, kweli limejengwa juu ya sal, chumvi, na hapo hatubishani. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, anataja chumvi na salarium pamoja. Lakini hasemi kwamba askari alipewa chumvi badala ya fedha. Malipo ya askari yalikuwa na jina lake, stipendium, na yalitoka kwa sarafu. Kati ya chumvi na posho pana pengo, na kamusi haina ruhusa ya kuliziba kwa kubuni. Kiingereza kililipata neno karne ya 14 kutoka Kifaransa cha Wanormani, likiwa tayari na maana ya ujira. Dakika 25.

Saa 6 anarudi na ukurasa wa intaneti unaosimulia askari na chumvi yao. Namuuliza unataja maandishi gani ya Kirumi. Hautaji lolote. Namsomea tena sentensi ya Pliny, na yeye ananisomea tena ukurasa wake.

Simu ya tatu inakuja na ombi jingine: "news" iandikwe kuwa ni herufi za kwanza za kaskazini, mashariki, magharibi na kusini kwa Kiingereza. Hili ndilo linalonichosha kuliko yote, kwa sababu linaanguka kwa kipimo chepesi. Maneno yaliyoundwa kwa herufi za kwanza ni mambo ya karne ya 20 karibu yote. "News" limeandikwa kabla ya mwaka 1500, mara nyingi kwa tahajia newes. Ile e ya pili ni upande gani wa dunia? Neno hilo ni wingi wa "new", mambo mapya, kama Kifaransa nouvelles.

Tunafikia hapa: "Kutoka Kilatini salarium, posho, neno linalohusiana na sal, chumvi. Kisa cha askari kulipwa chumvi hakina ushahidi." Maneno 16. Mchoro umeondolewa. Mshahara wetu, kwa bahati, hauna mzozo: Kiarabu shahr, mwezi.

Chakula kimepoa. Mchana ni wa kulinganisha sauti za maneno ili kujua yapi ni ndugu, na macho yameanza kuwaka. Kilatini pater na "father", pes na "foot": penye p ya Kilatini, Kiingereza kina f, kwa utaratibu ambao Jacob Grimm, mwanaisimu Mjerumani, aliueleza mwaka 1822. Kufanana pekee hakutoshi. "Much" na Kihispania mucho vinafanana sura na maana, ila la kwanza ni Kiingereza cha kale mycel na la pili ni Kilatini multus. Lugha ya Wambabaram wa Australia ilimwita mbwa dog, kutoka umbo la kale gudaga, bila kukutana na Mwingereza.

Giza limeingia na limebaki "dog" lenyewe la Kiingereza. Kiingereza cha kale kina docga, nadra sana. Neno la kawaida lilikuwa hund. Nimepita Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia nikitafuta ndugu aliyetangulia. Hayupo. Naandika: "Kutoka Kiingereza cha kale docga, asili ya kabla ya hapo haijulikani." Nasoma mara mbili, nahifadhi, nazima kompyuta.