Kodi ya Nini? Sijauza Kitu

Binti yangu wa pili, yule mhasibu wa Kampala, alinipigia simu wiki iliyopita akaniuliza kwa nini bado sitaki kununua hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali pesa kwa riba, ilhali riba yake inashinda kodi ninayokusanya kwenye vyumba vya kupanga, na hati haivuji paa wala haigombani na mtu mwisho wa mwezi. Nilimjibu kwamba ninalifikiria jambo hilo. Akacheka. "Baba, umelifikiria tangu nikiwa chuo. Hivi unaogopa nini hasa?"

Ninachokiogopa kina mahali na kina mwezi: ni Tororo, mashariki mwa Uganda, Mei 1987, mbele ya dirisha la benki lenye wavu wa chuma, nami nimesimama kando ya Mama nikiwa nimevaa kaptura ya shule kwa sababu sikuwa na suruali nyingine ya kutokea mbele za watu.

Serikali ya Museveni ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa tangu ichukue madaraka Januari 1986, na shilingi iliyoirithi ilikuwa imechakaa kiasi kwamba watu walibeba noti kwa mifuko. Katikati ya mwezi ule ikatangazwa kwamba pesa zote zinabadilishwa: shilingi 100 za zamani zitakuwa shilingi 1 mpya, na juu ya hapo asilimia 30 itakatwa kuwa kodi ya kubadilishia. Redio iliyasema yote mawili kwa pumzi moja, na nadhani ndiyo maana wengi hawakutofautisha. Mama alitofautisha mara moja. Kukatwa kwa sifuri mbili hakukumsumbua hata kidogo. "Sifuri na wakate," alisema, "sikuzipanda mimi." Alijua kwamba chumvi nayo itakatwa sifuri mbili, na sabuni, na nauli ya Malaba, mpakani na Kenya. Hiyo asilimia 30 ndiyo iliyomfanya aketi.

Alikuwa amekusanya shilingi 400,000. Kwa mfanyabiashara wa chumvi, sabuni na samaki wakavu, ambaye mtaji wake ulianza zama za magendo, wakati mfuko wa chumvi ulivuka mpaka usiku kwa njia za mashambani, hizo zilikuwa pesa za miaka. Zilikusudiwa kununua cherehani mbili za miguu na kumwajiri fundi wa pili. Baba, fundi wa reli, alikuwa amemshauri mara nyingi aziweke akiba benki, naye alikuwa amekataa mara nyingi vilevile, akiziweka ndani ya kopo kubwa la mafuta ya kupikia chini ya magunia. Nilichukuliwa kwenda benki kwa sababu nilikuwa darasa la saba na nilisifiwa kwa hesabu, ingawa Mama alijumlisha kichwani haraka kuliko mimi kwenye karatasi. Alichohitaji ni mtu wa kusoma kilichoandikwa kwenye stakabadhi.

Foleni niiruke. Yeyote aliyepanga foleni Uganda miaka ile anaijua.

Tulipofika dirishani, Mama alifungua leso aliyokuwa amejifunga kiunoni, akaanza kutoa mabunda moja moja. Kila bunda lilikuwa limefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na noti zilikuwa laini, zimeshika harufu ya samaki na mafuta ya taa, kiasi kwamba karani alizihesabu huku ameelekeza uso pembeni. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alihesabu mara mbili, kila bunda, akilowesha kidole kwenye kisponji, na vile vipande vya tyubu akavipanga upande wake wa meza kana kwamba navyo ni mali ya benki. Mama alivitazama vile vipande zaidi kuliko noti. Kisha karani akaandika: 400,000, chini yake 4,000, chini yake 1,200, akapiga mstari, akaandika 2,800. Nikasoma kwa sauti ya chini kama nilivyoagizwa. Noti mpya alizozisukuma chini ya wavu zilikuwa safi, ngumu, zenye harufu ya wino, na zilikuwa chache kiasi kwamba kiganja kimoja cha Mama kilizifunika zote.

Hakukiondoa kiganja. Watu nyuma yetu walianza kuguna.

"Mwanangu, na hizi nyingine?" akauliza, akiweka kidole cha mkono wa pili kwenye ile 1,200.

"Hiyo ni kodi, Mama."

"Kodi ya nini? Sijauza kitu."

Karani alifungua mdomo kisha akaufunga. Nadhani hakuwa na jibu, na kwa haki hakustahili kuulizwa, kwa maana pengine akiba yake mwenyewe ilikuwa imepita kwenye mkasi huohuo. Akasema tena, taratibu, "Ni kodi, Mama," na Mama akasema, "Basi nipe mipira yangu." Karani akavirudisha vile vipande vya tyubu, vyote, na Mama akavihesabu kabla ya kuondoka dirishani.

Baadaye, nilipokwisha kusoma uchumi kidogo, nilielewa kilichokusudiwa: pesa zilikuwa nyingi mno kuliko bidhaa, bei zilipanda kila wiki, na kukata theluthi kasoro kidogo kulikuwa njia ya kuzipunguza haraka. Nilielewa pia kwamba siku zilezile dola iliyouzwa kwa bei rasmi ya shilingi 1,400 za zamani iliwekwa kuwa shilingi 60 mpya, yaani 6,000 za zamani, hivyo kile kilichopita chini ya wavu kilikuwa kimepungua kwa njia ambayo hata stakabadhi haikuionyesha. Bei ziliendelea kupanda mwaka ule na uliofuata. Sina ugomvi na maelezo hayo, na huenda ningekuwa wizarani ningeshauri hivyohivyo. Lakini maelezo niliyapata ukubwani. Kiganja cha Mama nilikiona utotoni, na nashuku kwamba katika mambo ya pesa kinachotangulia kuingia kichwani ndicho kinachokalia kiti.

Kutoka benki hatukwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja sokoni, na kabla ya jua kuzama alikuwa amenunua mabati machache, gunia la chumvi na katoni ya sabuni ya miche, na hakubakiwa na shilingi moja mpya. Baba alipotoka kazini akayakuta mabati yameegemezwa ukutani, alidhani mkewe amerukwa na akili.

Baba naye alikuwa na siku yake, nayo ilimfundisha kinyume. Alikuwa kijana mwaka 1972 Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka, na alimsaidia mwenye duka aliyewakopesha unga kwa miaka kufunga masanduku, akijua kwamba rafu, mizani na nyumba ya ghorofani vinabaki. Duka likapewa mmoja wa wale tuliowaita mafuta mingi, matajiri wapya waliogawiwa mali za Waasia, na baada ya muda mfupi rafu zikawa tupu. Baba akahitimisha kwamba mali inayoonekana ina macho mengi juu yake, na mtu mwenye busara huweka chake mahali pasipoonekana: kwenye kitabu cha akiba, kwenye pensheni. Kitabu hicho kililiwa na mfumuko wa bei ukurasa kwa ukurasa, naye aliendelea kukiamini. Hivyo tulilelewa na watu wawili wenye akili timamu, mmoja akiamini kwamba kila kinachoshikika kitachukuliwa, mwingine akiamini kwamba kila kisichoshikika kitayeyuka, na kila mmoja alikuwa na ushahidi.

Kwa upande wa Mama, mabati yalizaa. Yaliezeka chumba cha kwanza, kodi ya chumba ikanunua matofali ya cha pili, na karo zetu zikatoka humo. Benki kadhaa zilipofungwa na Benki Kuu mwaka 1998 na 1999 hakutamba, alitutazama tu. Lakini woga huohuo ulimfungia milango pia. Mwishoni mwa 2006, hisa za benki ya Stanbic zilipouzwa kwa umma kwa shilingi 70 kila moja na nusu ya ukoo ikakimbilia fomu, binamu yangu alikuja kumshawishi. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza hisa hizo zinakaa chumba gani, na kama ni kitu cha maana kwa nini ni shilingi sabini wakati pipi ni mia.

Binti yangu alizaliwa katikati ya miaka ya tisini. Katika maisha yake shilingi imeugua lakini haijafa. Mwaka 2011, mfumuko ulipovuka asilimia 30 na sukari ikawa ya kutafutwa kwa tochi, alikuwa shule ya bweni na malalamiko yake yalikuwa juu ya uji. Ananiona mzembe wa hesabu. Mimi namwona mtu ambaye hajawahi kuona stakabadhi ile. Sina namna ya kujua nani kati yetu anaiona dunia sawasawa, na hesabu zake, nimezikagua, hazina kosa.

Kinachonitatiza zaidi ni mdogo wangu wa Malaba. Alikula chumvi ileile na kulala chini ya mabati yaleyale, lakini mwaka 1987 alikuwa bado anabebwa mgongoni. Huyo hukopa kwenye Sacco mbili, vyama vya akiba na mikopo, kwa wakati mmoja, ana bodaboda ambazo hazijui zinadaiwa na nani, amekuwa tajiri kunizidi na amekuwa maskini kunizidi, wakati mwingine ndani ya mwaka mmoja, na hulala usingizi mzuri nyakati zote mbili. Mwaka jana alikuja kunikopa. Nilimwambia ukweli kwamba sina pesa taslimu, nina matofali, lori nzima, yamekaa kwenye kiwanja nisichokuwa na mpango nacho. Akasema basi nipe hayo. Akayauza kwa mkandarasi wa barabara ya kwetu kwa bei ambayo nisingethubutu kuitaja, akafanya alichotaka kufanya, na baada ya miezi michache akanirudishia thamani yake yote pamoja na faida, ndani ya bahasha, noti mpya kabisa. Bahasha hiyo imenikosesha raha kuliko lile deni, kwa maana mpaka sasa sijaamua niiweke wapi.