Bahari ikoje kesho? Bahari gani kwanza

Kila Alhamisi na Ijumaa jioni simu yangu inajaa meseji za namna moja, "vipi kaka, bahari ikoje kesho, twende?" na mi najibu kwa swali, bahari gani? Mana hapa Matemwe ukisimama pwani ukatazama mbele una bahari tatu kwa wakati mmoja. Kuna nje ya mwamba kulekule kilindini, kuna ndani ya mwamba, afu kuna hii ya miguuni kwako. Mtu akikwambia "bahari shwari" bila kusema ipi bado hajakwambia kitu.

Sa hivi ni Oktoba ndo mana maswali yamezidi, kusi, ule upepo wa kusini, limekata. Juni mpaka Agosti sisi wa mashariki ya Unguja kusi linatupiga kifuani kabisa, wenye vyombo vidogo wengi wanahama wanakwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, upande wa pili wa kisiwa. Mwezi huu alfajiri unapata umande kidogo, upepo wa nchi kavu, unakusukuma kutoka, na ikifika mchana upepo ushageuka unatoka baharini unakurudisha, wazee wa ngalawa wameishi hivo miaka na miaka bila mashine.

Nje ya mwamba, upande wa kisiwa cha Mnemba, kina kinashuka ghafla na hapo ndo pana jodari, nguru, fulusi, na kaskazi, upepo wa kaskazini, likikolea sulisuli pia. Ukiona ndege wamekusanyika wanajitupa majini jua chini kuna vibua na chini ya vibua kuna mkubwa anawafukuza, rambaza, yaani kokota mshipi boti ikitembea, pembeni yao usipite katikati utawazamisha samaki wote. Lakini watu wanaangalia upepo kwenye simu, wanaona mdogo, wanatoka. Hawaangalii maji. Kwetu bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukifika siku ya kumi na tano hivi, maji yanajaa saa kumi na yanakauka saa nne, asubuhi na usiku hivohivo, na tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Maji yote hayo ya ndani yanatokea wapi? Mlangoni, pale mwamba ulipoachia upenyo.

Nilijifunza hilo mwaka juzi mwezi wa Julai. Mwezi ulikuwa wa siku kumi na sita, tulitoka usiku maji yakiwa yamejaa, mlango laini kama kitanda, tukapata nguru mmoja wa maana, na saa moja asubuhi kusi likaanza kuamka nahodha akasema turudi. Tukafika mlangoni kama saa mbili, maji yanatoka kwa kasi na upepo unaingia, yakikutana yanasimama. Si wimbi refu lile la kilindini linalokunyanyua na kukushusha, hili fupi, limesimama wima, linavunjikia palepale. La kwanza likatuingia nyuma boti ikajaa mpaka kwenye magoti, mi nafua maji kwa ndoo ya chambo, na yule nguru anaelea baina ya miguu yangu akinigonga kwenye ugoko kila boti ikiyumba, mpaka leo nikifumba macho nausikia ule mgongo wake. Nahodha hakulazimisha. Aligeuza boti tukatoka nje tena, tukakaa kwa muda wa karibu saa mbili tunaangalia mwamba kwa mbali, maji yalipokufa tukaingia bila tone. Angekuwa mwenye haraka nisingekuwa naandika hapa.

Kwa hiyo mi nakwambia, kwa chombo kidogo usiingie mlangoni maji yakitoka na upepo ukiingia, subiri. Na TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wakitoa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 usinambie kwamba hapa mbona pametulia, hapa ni ndani ya mwamba, mwamba ndo unakukinga. Kimbunga Hidaya kilipokuja, kile kilichotua Mafia tarehe 4 Mei 2024, siku za mwanzo kabisa palikuwa pametulia hapa na kuna vijana walitaka kutoka.

Ndani ya mwamba ni habari nyingine. Hapo upepo haukutishi sana, kinachoamua ni maji. Bamvua ukizembea saa tatu utakwama juu ya mchanga na chombo chako hadi mchana. Mi napenda maji yanapoanza kuingia, saa mbili za mwanzo, tasi na changu wanafuata maji juu ya majani kutafuta chakula, mshipi mwembamba na chubwi ndogo, kile kizito cha kuzamishia, inatosha. Yakiwa machafu baada ya upepo mkali madema, ile mitego ya kusuka, yanaleta kuliko mshipi.

Pwani yenyewe watu wanaidharau wakati bamvua saa nne ndo kinamama wanatoka na michokoo, zile fimbo za kuchokolea pweza, wanatembea mpaka karibu na mwamba wanarudi na pweza bila lita hata moja ya petroli. Ukiwa na fimbo ya kurushia simama jioni maji yanapojaa, kolekole wanakuja karibu sana, lakini tafadhali usipite juu ya mashamba ya mwani ya watu, zile kamba ni kazi ya miezi.

Sasa kesho Jumamosi. Mwezi mwandamo una siku tisa, maji mafu, kujaa ni kama saa nne asubuhi na tofauti ni kama mita moja tu, mlango hautakuwa na nguvu. Asubuhi nje ya mwamba panafaa mpaka kama saa tano, baada ya hapo upepo wa mchana utaongeza wimbi, turudi. Pwani sikushauri, maji hayatembei. Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, vibua vya chambo ninavyo kwenye friza, njoo na maji ya kunywa na koti la kuokolea, asiye na koti hapandi.